Mapenzi ya Kikorea Niliyoyatafsiri kwa Hasira

Mwaka 2018 niliidanganya saluni nzima kwa wiki tano, na sikufanya kwa bahati mbaya. Nilidanganya nikiwa na akili zangu, kitana mkononi, mwanangu wa miaka mitatu amelala kwenye mkeka chini ya meza ya mafuta. Nasema mapema ili mtu asije akanionea huruma katikati ya habari.

Saluni ilikuwa Yeoville, mtaa wa Johannesburg, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la kuku wa kukaanga, kwa hiyo kila mteja alitoka na nywele mpya na harufu ya kuku. Mwenyewe alikuwa mama mmoja wa Uvira, Kongo, mjane, anakaribia hamsini. Sote tulimwita Mama. Alikuwa na vidole vyepesi ajabu na Kiingereza cha kutaja bei na kuaga tu. Wasukaji tulikuwa watatu: yeye, Mrundi mmoja ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, na mimi, Mtanzania wa Morogoro, Form Four, miaka ishirini na nne, mwenye hasira.

Hasira yenyewe nieleze haraka tuimalize. Baba wa mtoto wangu alinipata kwa simu. Yeye alikuwa Johannesburg, mimi nimemaliza shule nasubiri matokeo, na kwa mwaka mzima alinipigia kila jioni akinisimulia nyumba yenye bustani. Nilipofika nikakuta bustani ni pazia. Chumba kimoja, katikati pazia la maua, upande wa pili wanakaa Wamalawi wawili na redio yao. Mtoto alipotimiza mwaka, baba yake akaenda Durban kutafuta kazi, na tangu siku hiyo akarudi kuwa mtu wa simu. Alikuwa anamtumia binti yake sauti: "Lala salama, malkia wa baba." Mtoto akaishia kuamini kwamba baba ni aina ya simu. Akiokota simu yoyote, hata iliyokufa, anaiita baba. Watu walikuwa wanacheka. Mimi nilikuwa sicheki.

Sasa tuje kwenye filamu.

Televisheni ya saluni ilifungwa ukutani nyuma ya viti, si kwa sababu yoyote ya maana, ila soketi ilikuwa huko. Wateja walikaa wakitazama kioo, kwa hiyo kila kitu walikiona kwenye kioo. Wacheza mpira wote walikuwa wanapiga mguu wa kushoto. Siku Mrundi alipokuja na flashi aliyonunua kando ya barabara, ina filamu ya mapenzi ya Kikorea, vipindi kumi na sita, tuligundua tatizo: wanaongea Kikorea, na maandishi ya Kiingereza chini ya picha yanaonekana kinyume. Kwenye kile kioo, mteja anayesoma chuo kikuu Braamfontein alikuwa sawa na bibi asiyejua A.

"We Mutanzania," Mama akaniambia, "weye ulisoma. Geuza shingo, utuambie wanasema nini."

Nikageuza shingo. Na sikutafsiri kama mtu anayesoma barua ya serikali. Mjomba wangu alikuwa na banda la video Morogoro, na mimi nimekulia mle ndani nikiuza karanga. Kwetu filamu haitazamwi hivi hivi. Kuna mtu, tunamwita DJ, anayeingiza sauti ya Kiswahili juu ya picha, anawasemea wote, majambazi na mapolisi na mbwa, na pale penye ukimya anatia maneno yake. DJ mbaya anafanya filamu nzuri ikachosha. DJ mzuri, watu wanarudi kesho kwa ajili yake. Mimi nilimwiga DJ wa mjomba tangu nikiwa na miaka minane. Nilipofungua mdomo Yeoville, Mrundi aliacha kuongea. Hilo peke yake lilikuwa jambo.

Filamu ilikuwa hivi. Kuna msichana anafanya kazi kwenye ofisi ya kampuni ya majiko ya umeme ya kupikia wali. Anaishi peke yake, anakula amesimama. Anapewa miwani mikubwa ya majaribio: ukiivaa unaingia kwenye dunia ya uongo, unachagua mwanamume kama unavyochagua rangi ya rasta kwenye kadi, mnakwenda kutembea kwenye theluji, mnakula, mnacheza, kisha unavua miwani uko kwenye kochi lako na soksi zilizotoboka. Wanaume wa mle ndani ni mashine tupu. Hawachelewi, hawasahau, hawana mama. Lakini yule aliyemchagua yeye, kipindi cha tano, wako kwenye theluji, akapiga chafya.

"Mashine haipigi chafya," Mama akasema, mkono umesimama hewani na uzi.

Kweli. Nyuma ya ile mashine kulikuwa na mtu: fundi mmoja mwenye haya, anafanya kazi chini kabisa kwenye jengo lile lile, ambaye mtambo ulimharibikia siku ya kwanza akaingia mwenyewe kuziba nafasi ya mashine, akashindwa kutoka.

Nilielewa kwa nini Mama alikuwa ameganda. Alikuwa na wa kwake.

Wa kwake alikuwa fundi cherehani wa Diepsloot. Walikutana kwenye kundi la WhatsApp la watu wa Uvira walioko Johannesburg. Mama aliuliza nani anaweza kupunguza sare za kwaya, yeye akajibu kwa sauti badala ya kuandika, na miezi minane ilikuwa imepita wanatumiana sauti. Mama alizisikiliza akisuka, simu ameiweka mezani, akitabasamu juu ya vichwa vya watu. Kutoka Yeoville hadi Diepsloot ni teksi mbili, daladala za huku, na hawajawahi kuonana. Jumapili kila mmoja ana kanisa lake, Jumamosi kila mmoja ana kazi. Yeye hakutuma uso, alituma picha za magauni aliyoshona. Mama naye hakutuma uso, alituma picha za vichwa alivyosuka, vyote kwa nyuma. Mapenzi ya visogo na pindo.

Wiki tuliyoanza ile filamu, yule fundi alikuwa ameomba jambo rasmi. Anataka kuja na wazee wawili, aseme nia yake. Amepata chumba kikubwa Diepsloot, na mbele kuna nafasi ya saluni. Anataka jibu.

"Nitamujibu filamu ikiisha," Mama akatutangazia. "Huyu binti na miye tuko na shida moja. Kwanza nione yeye anafanya nini."

Mrundi akacheka mpaka akadondosha vibanio. Lakini Mama hakuwa anatania. Na mimi ndiye niliyekuwa DJ.

Uongo wa kwanza niliutoa kipindi cha sita. Yule fundi wa Kikorea anavua kofia, anamwambia msichana: Nilitaka kukwambia tangu siku ya kwanza kwamba mimi ni mtu, nikaogopa utaondoka. Nilisoma vizuri kabisa. Kisha nikaona uso wa Mama kwenye kioo, umelainika kama siagi, na nikaiona nyumba yenye bustani. Mdomo wangu ukasema: "Usimwambie mtu yeyote kuhusu mimi. Nina sababu zangu."

"Sababu gani?" Mrundi akauliza.

"Tutaona," nikasema. DJ haulizwi.

Sitajipamba. Nilijiambia namlinda Mama, na ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli pia kwamba saluni ikihamia Diepsloot mimi sina pa kwenda, na hakuna saluni nyingine mjini itakayoniacha nilaze mtoto chini ya meza ya mafuta. Vitu hivyo viwili vilikaa ndani yangu pamoja, na sikuvitenganisha.

Kuanzia hapo sikushikika. Kipindi cha saba mama yake yule fundi alipiga simu. Nikasema ni mke wake.

"Mke gani ana sauti ya kizee hivyo?" Mrundi akauliza.

"Amechoshwa na maisha. Ana watoto watatu mkoani."

Saluni nzima ikaguna. Kipindi cha nane dada yake msichana alikuja na keki ya siku ya kuzaliwa, nikamfanya askari kanzu. Kipindi cha tisa walikuwa wanacheka tu kwenye benchi dakika nne nzima, bila neno, nikaweka hotuba. Na hapa lazima niseme ukweli mwingine: nilifurahi. Sijawahi kufurahi kazini vile. Watu walianza kuja Jumamosi saa mbili asubuhi kugombea viti. Dada mmoja mlinzi wa benki alifumua rasta zake wiki mbili kabla ya wakati ili aje kusikia kama mke wa mkoani atafika mjini. Vicheko vilikuwa vinashuka ngazi hadi kwa wauza kuku, nao wakawa wanatuma mtu kuuliza juu kuna nini. Mwanangu alijifunza kusema "askari kanzu" kabla ya kujua kuhesabu hadi kumi.

Mama peke yake ndiye aliyekuwa anapungua. Zile sauti kutoka Diepsloot, ambazo zamani alizisikiliza papo hapo, sasa aliziacha zijikusanye.

Mtu mmoja saluni alikuwa anaiona televisheni uso kwa uso: binti yake Mama. Alikuwa darasa la kumi na moja, amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia chote ila anajibu kwa Kiingereza, na akiwa na hasira kwa Kizulu. Jumamosi alikaa kwenye benchi la mlangoni na vitabu vyake. Mimi nilidhani anasoma vitabu.

Jumamosi ya kipindi cha kumi na tatu akanifuata nyuma, kwenye sinki la kuoshea nywele.

"Anti," akaniambia polepole, kwa Kiswahili cha kuokoteza, "yule si mke. Ni mama yake."

Nikafungua bomba maji yapige kelele. "Umejua tangu lini?"

"Tangu keki. Keki imeandikwa jina la msichana na umri, na wewe ukasema ni ripoti ya polisi."

"Mbona hukusema?"

Akacheka. "Yako ni tamu kuliko ya kwao, Anti. Ile ya kwao wanapika wali tu." Kisha akaacha kucheka. "Lakini sasa Mama halali vizuri. Na mwakani mimi namaliza shule, matriki yangu, naondoka. Nani atakaa naye?"

"Mimi."

"Wewe utapata mtu."

"Sitaki mtu."

"Eish, Anti." Akafunga bomba. "Hilo ni lako. Usimpe yeye."

Nilitaka kumzaba kibao, mtoto wa watu, kwa sababu alikuwa ameniambia ukweli kwa sentensi tatu na mimi nilitumia vipindi saba kuukimbia. Nikamwahidi nitarekebisha. Shida ni kwamba filamu ya uongo haina gia ya kurudi nyuma. Nilijaribu kipindi cha kumi na nne kumfanya fundi atubu, watu wakapiga kelele kwamba anadanganya tena. Kipindi cha kumi na tano nilibanwa na maswali, nikateleza, nikasema ana wanawake saba wengine ndani ya miwani.

Jumamosi ya mwisho viti vyote vilijaa, wengine wamesimama. Nilikuwa nimepanga: leo nasoma kilichoandikwa, neno kwa neno, watashangaa, yataisha. Kabla sijachomeka flashi, Mama akasema, akiwa anagawa nywele za mteja, bila kumtazama mtu:

"Nimemwambia hapana. Leo asubuhi. Sikungoja. Wanawake saba ni wengi."

Binti yake mlangoni akaniangalia.

Nikawasha. Kwenye kioo msichana anaweka miwani mezani, anashuka ngazi zote hadi chini ya jengo, anagonga mlango. Fundi anafungua, ana mafua. Anamwambia maneno machache. Anakuja mama yake na sufuria ya wali, wanakula wote watatu, wamekaa chini, wanacheka.

"Amerogwa," Mrundi akasema. "Anakula na mke mwenzie."

"Mbona askari kanzu hamkamati?" akauliza dada mlinzi.

"Anasema nini?" Mama akaniuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ule muntu mlangoni, amemwambia nini?"

Nikasoma: "Mimi si mrefu kama yule uliyemchagua, na ninapiga chafya. Lakini nipo hapa kila siku, chini ya ngazi zako." Kisha nikasema, kwa sauti yangu, si ya DJ: "Mama, hana mke. Yule ni mama yake. Hana wanawake saba. Dada ni dada tu. Tangu kipindi cha sita nimetunga mimi."

Mrundi alifungua mdomo, akaufunga, tukio la pili katika historia ya saluni. Halafu dada mlinzi akaanza kucheka, akashindwa kujizuia, kichwa kinatikisika na rasta nusu. "Kwa hiyo miye nimefumua nywele zangu kwa ajili ya mke ambaye hayupo?" Wengine wakafuata. Watu walicheka mpaka wakajifuta machozi kwa taulo za saluni.

Mama hakucheka. Alizima televisheni, akarudi kwenye kichwa cha mteja wake, akamaliza mstari kwa mstari hadi wa mwisho, akachoma ncha, akapaka mafuta. Mteja alipoondoka akanigeukia.

"Ulivunja na mdomo. Utaenda tengeneza na mdomo. Kesho."

"Niende Diepsloot?"

"Na mtoto wako. Akuone vizuri weye ni muntu wa namna gani."

Kwetu, na kwao pia, mwanamume ndiye anayetuma mshenga. Anachagua mtu mzima, mwenye staha, anayejua kukohoa kabla ya kuingia. Sijawahi kusikia mwanamke anatuma mshenga kwa mwanamume, tena mshenga mwenyewe ni msichana mkali aliyeharibu uchumba, amembeba mtoto mgongoni na pakiti ya chipsi. Nilikwenda Jumapili mchana, makanisa yametoka. Teksi mbili, na kwenye kila roboti nyekundu, taa za barabarani wanavyoziita huku, nilikuwa naomba isigeuke kijani.

Kibanda chake nilikipata bila shida, mtu wa kwanza niliyemuuliza alikijua. Kilikuwa kontena la bluu, kimepakana na spaza, duka dogo la Wasomali, mlango wazi, cherehani mbili, majoho ya kwaya yamening'inia kama kwaya yenyewe imekuja. Hakukuwa na mtu. Nikaingia, nikaupa mlango mgongo, nikainama kumshusha mtoto.

"Umekuja," mtu akasema nyuma yangu.

Nikageuka. Mwanamume mfupi, mvi kwenye ndevu, futi ya kupimia shingoni, mkate mkononi. Uso wake ulikuwa umepatwa na jambo.

"Shikamoo," nikasema. "Mimi nimetoka Yeoville."

"Najua. Najua." Akaweka mkate juu ya cherehani, akatoa simu. "Lakini uko mtoto. Mbona hukuniambia uko mtoto hivi? Miye niko na miaka hamsini na mbili."

Akanionyesha simu. Kwenye uso wa simu, pale watu wanapoweka picha ya wapenzi wao, kulikuwa na kisogo. Kisogo kimesukwa twende kilioni safi, na chini yake, kwenye shingo, kovu dogo la maji ya moto. Kovu langu. Kisogo changu. Mama alikuwa ananisuka mimi kila akitaka picha ya tangazo, kwa sababu mimi silipi na silalamiki. Katika vichwa vyote alivyotumiwa kwa miezi minane, huyu baba alikuwa ameamua mwenyewe kwamba hiki ndicho cha mpenzi wake, akakitazama kila asubuhi.

Nilikuwa nimejiandaa kulia, kuomba radhi, hata kutukanwa. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilicheka vibaya sana. Nilikaa chini kwenye mfuko wa vitambaa nikacheka, mtoto akacheka kwa kuniona, na yule baba amesimama na kisogo changu mkononi haelewi.

"Baba," nikasema nilipoweza, "hicho ni cha kwangu. Mimi ni msukaji wake. Yeye ni mwingine."

Akaangalia simu, akaniangalia, akaangalia simu.

"Na sauti?"

"Sauti ni yake."

Mabega yakamshuka. Akavuta stuli, akakaa. "Afadhali. Miye nilipenda sauti. Kichwa nilikiweka tu nipate kitu cha kutazama." Akafuta ile picha mbele yangu, kwa heshima, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. "Sasa yeye yukoje?"

"Mnene. Ana pengo hapa mbele. Akikasirika haongei, anasuka. Jana alisuka kichwa kizima bila neno."

"Kwa nini alikasirika?"

Nikamwambia yote. Miwani, chafya, mke wa mkoani, wanawake saba. Nikamwambia lile hapana la jana ni langu, si lake. Alisikiliza kama fundi anayepokea vipimo, anatikisa kichwa kidogo kila namba. Nilipomaliza hakunigombeza. Aliuliza tu:

"Miye nilikukosea nini?"

"Hukunikosea. Kuna mwingine wa simu alinikosea." Nikamwonyesha mtoto, ambaye alikuwa ameokota mkasi mkubwa na kuuita baba, kwa kukosa simu karibu.

Akamwondolea mkasi taratibu, akampa kipande cha chaki. Kisha akaonyesha mlango kwa kidevu. "Mlango huu niko ndani yake miaka sita. Yeye kama angependa kuja kuniangalia, angenikuta. Hata weye, umeuliza watu wangapi mpaka ukanipata?"

"Mmoja."

"Voilà, unaona." Akachukua futi yake, akampima mwanangu mabega bila kuniuliza ruhusa. "Filamu ya kweli, ule fundi alimwambia nini mlangoni?"

Nikamwambia. Mimi si mrefu, ninapiga chafya, nipo hapa kila siku. Akarudia kimoyomoyo, midomo inatembea.

"Hakusema vibaya," akasema.

Nilirudi na ujumbe kwamba atakuja Jumamosi, bila wazee, aonekane kwanza. Nikamweleza Mama na kile kisogo. Hapo ndipo alipocheka, siku moja baada ya wenzake. Alicheka akiwa amenishika kichwa, anakigeuza huku na huku. "Ananiona miye mwembamba hivi," alisema, "masikini ya Mungu." Jumatano alikwenda kununua blauzi. Ijumaa alisema hatafungua saluni. Jumamosi alifungua saa moja.

Fundi wa Diepsloot alipofika, watu walikuwa wamejaa kuliko siku ya kipindi cha mwisho. Alivaa suti aliyoishona mwenyewe, imemkaa hadi wivu. Alisimama mlangoni. Mama alikuwa anasuka, hakugeuka, lakini wote tulijua anamwona kwenye kioo. Yule baba akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Miezi minane ya maneno, na sasa hakuna hata habari ya asubuhi. Akatuangalia sote, akageuka, akashuka ngazi.

"Amekimbia, sha," Mrundi akasema.

Simu ya Mama ikalia. Sauti imeingia. Spika ya sikioni ilikuwa imekufa siku nyingi, kwa hiyo kila kitu chake tulikisikia wote. Mama akafuta mikono, akabonyeza.

"Mama, salama. Niko hapa chini mbele ya kuku. Nimekuona. Na weye umeniona. Miye si mrefu." Nyuma yake mtu akasikika anaagiza mabawa sita. "Lile swali langu bado liko."

"Anasema nini?" Mrundi akaninong'oneza, kwa mazoea.

"Ni Kiswahili. Sikiliza mwenyewe."

Mama alishika simu karibu na mdomo, akaniangalia mimi kwenye kioo, kisha mwanangu aliyekuwa anatoka chini ya meza, kisha viti vyote na watu juu yake.

"Ndiyo," akasema kwenye simu. "Mais lakini saluni yangu haiende Diepsloot. Inabaki hapa na watu wake wote."

Akatuma. Tulingoja. Binti yake alikuwa amesimama juu ya benchi anachungulia dirishani, akatuambia kwamba anasikiliza, ameweka simu sikioni, sasa ameishusha, sasa anaongea. Simu ikalia tena.

"Sawa," ile sauti ikasema, na tukaanza kusikia viatu vyake kwenye ngazi pamoja na maneno. "Cherehani inabebeka."